Mwangwi Usioeleweka: Kutatua Matatizo ya Rada ya Kusikiliza Taka za Angani kutoka Mbeya

Ujumbe uliingia saa tano kasorobo usiku. "Shikamoo mwalimu. Nimekipata! Kipande cha taka za angani, kidogo, labda sentimita moja. Tazama picha." Aliyeuandika nilimfundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Sasa anaishi Makambako na amejisimamishia antena juu ya bati. Nikamjibu: "Marahaba, mwanangu. Nenda kazime taa zote za nyumba, kisha utazame tena." Dakika tatu baadaye akaandika neno moja: "Kimepotea." Ilikuwa taa ya LED ya barazani.

Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, kutoka Tukuyu, Mafinga, hata Njombe. Nimeyapanga hapa kwa kufuata dalili: unachokiona kwenye skrini, kinachoweza kukisababisha, na namna ya kupata uhakika. Naanza siku zote kwa kushuku kilicho karibu. Nyumba yako kwanza, halafu mtaa, halafu minara ya redio ya mlima Loleza, halafu ndege, halafu vimondo. Obiti, yaani njia ambamo setilaiti na mabaki yake huizunguka dunia, iwe ya mwisho kutajwa.

Mtambo tunaouzungumzia haurushi mawimbi. Kurusha kunataka leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na sisi tunachohitaji ni kusikiliza tu. Tunatumia mawimbi ambayo tayari yako hewani: vituo vya redio vya FM, kati ya megahezi 88 na 108. Wimbi linatoka mnarani, linagonga ndege, mkia wa kimondo au setilaiti, na sehemu ndogo mno inarudi chini. Antena moja inasikia kituo moja kwa moja. Hii tunaiita shahidi. Ya pili inatazama angani; hii ni mlinzi. Kompyuta inatafuta, ndani ya kelele za mlinzi, nakala ya wimbo ule ule alioupokea shahidi, iliyochelewa kidogo na kuhama kidogo katika masafa. Kuchelewa kunakupa umbali. Kuhama, yaani mhamo wa Dopla, kunakupa mwendo. Darubini ya redio ya MWA iliyoko Australia Magharibi imeshaona mawimbi ya FM yakirudi kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kwa hiyo njia yenyewe si ndoto.

Skrini imejaa mistari iliyonyooka

Mstari uliosimama wima, yaani uliobaki kwenye masafa yale yale, bila kuyumba dakika kumi nzima haukutoka kwenye kitu kinachotembea. Zima swichi kuu ya nyumba, acha kompyuta itumie betri yake, na utazame. Mistari ikitoweka, washa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji: taa za LED, chaja za simu, inveta, friji la kisasa.

Kwangu mimi mkosaji alikuwa kidhibiti cha chaji cha sola. Kila asubuhi, jua lilipoanza kupiga paneli, skrini iliota mistari yenye nafasi sawasawa kama meno ya chanuo, na jioni ikakauka yenyewe. Siku nne nzima niliamini kuwa napokea kitu kutoka kwenye jua. Nilipoifunika paneli kwa blanketi saa sita mchana, meno yote yalitoka kwa mpigo mmoja. Dawa yake ilikuwa kusokota pamoja nyaya mbili za paneli, kuzipitisha kwenye pete ya feraiti, na kukihamishia kidhibiti upande wa pili wa nyumba.

Mistari ikibaki hata umeme umezimwa, tazama Loleza. Ukiwa mjini, vituo vya pale vinaingia kwa nguvu kuliko kipokezi cha bei nafuu cha USB kinavyoweza kumeza, na kipokezi kilicholemewa huanza kutengeneza masafa ya uongo kwa kuchanganya yale ya kweli. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kwenye mdomo wa antena. Alama ya kweli itashuka kwa desibeli 10. Ya uongo itashuka zaidi sana, mara nyingi karibu 30. Hapo huna haja ya kubishana na mtu. Kichujio cha kuzuia FM, ambacho wapenzi wengine wa redio hukinunua, hakitufai kwa kuwa kinaondoa kitu kile kile tunachokitafuta. Tafuta kichujio cha kituo kimoja, au ishushe antena ya mlinzi nyuma ya kilima ili udongo ukukinge na mnara. Upande wa Uyole kuna mabonde mazuri kwa kazi hiyo.

Mstari unaopinda taratibu kwa dakika kadhaa

Ni ndege. Kwa masafa ya megahezi 100 urefu wa wimbi ni mita 3, na ndege ya abiria inayokwenda mita 250 kwa sekunde haiwezi kukupa mhamo unaozidi hezi 170 hivi. Linganisha na ratiba za uwanja wa ndege wa Songwe au na programu ya simu inayoonyesha ndege zilizo hewani. Usizifute kumbukumbu hizo, maana ndege ndiyo kipimo chako. Mtambo usioona ndege iliyo kilomita 30 kutoka kwako hauna sababu ya kutumwa obiti.

Mweko wa nusu sekunde, kisha kimya

Kimondo. Mkia wake unawaka kati ya kilomita 80 na 110 juu yetu na kurudisha mawimbi kwa muda mfupi, mara chache kwa sekunde kadhaa. Mkia wenyewe unapeperushwa na upepo wa huko juu tu, kwa hiyo mhamo wake ni mdogo. Vimondo huongezeka kuelekea alfajiri, wakati upande wetu wa dunia unapokuwa mbele katika safari ya kulizunguka jua. Mweko unaojaa skrini nzima kwa masafa yote kwa pamoja ni radi. Ukiuona, nenda moja kwa moja mwisho wa mwongozo huu.

Kitu cha obiti ya chini kinajitambulisha kwa mwendo. Kinakwenda kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, kwa hiyo mhamo wake unaanza kwenye maelfu ya hezi upande wa juu, unateleza, unavuka sifuri, na kushuka maelfu upande wa chini, yote ndani ya dakika chache. Hakuna ndege, mkia wa kimondo wala taa ya barazani inayoweza kuuiga mteremko huo.

ISS imepita juu yetu na hatukuona kitu

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na sababu zake ni nyingi, kwa hiyo vumilia.

Anza na saa. Kikundi chetu kilipoteza wiki mbili kwa sababu ya daftari lililoandikwa "saa 2:14". Kwa aliyeandika ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne usiku, kama anavyosema kila mtu hapa. Kwa aliyeingiza kwenye kompyuta ilikuwa 02:14. Na programu ya kutabiri obiti ilikuwa inasoma saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Jibu sahihi lilikuwa 17:14 UTC. Tangu hapo tunaandika UTC peke yake kwa tarakimu nne, na anayetaka kuandika saa ya Kiswahili anaiandika kwa maneno pembeni. Kwenye vitabu vya nje hutaliona kosa hili, lakini kwetu limekula muda kuliko kosa lolote la elektroniki.

Pili, umri wa takwimu za obiti. ISS inaburuzwa na mabaki ya hewa ya huko juu, na mara kwa mara inasukumwa tena kupanda. Kosa la sekunde moja ni karibu kilomita 8 angani. Pakua takwimu za siku hiyo hiyo.

Tatu, nani anaiangazia? Minara ya FM imejengwa ili ihudumie wasikilizaji, na wasikilizaji wako chini. Mawimbi mengi husukumwa kuelekea upeo wa macho. Setilaiti iliyo juu kabisa ya Loleza inapata makombo tu kutoka Loleza. Inayoiangazia vizuri zaidi ni minara ya mbali. Dar es Salaam iko takriban kilomita 680 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na ISS ikiwa juu ya Mbeya, mtu wa Dar anaiona kama nyuzi 30 juu ya upeo. Kwa hiyo shahidi wetu wa obiti anakaa Dar: mwenzetu anarekodi kituo cha huko, nasi tunarekodi mwangwi huku, kwenye masafa ambayo Mbeya hayana kituo. Saa za pande zote mbili ziongozwe na GPS. Milisekunde moja ikikosewa ni kilomita 300 za njia ya wimbi.

Nne, pengine unakusanya kwa muda mrefu mno. Kwa ndege tumezoea kujumlisha sekunde nzima ya mawimbi ili mwangwi uzidi kelele. Lakini ISS ikiwa juu ya kichwa, mhamo wake unabadilika kama hezi 50 kila sekunde. Ukijumlisha sekunde nzima, mwangwi unapakwa kwenye vyumba 50 vya masafa badala ya kukaa katika kimoja, na kila chumba kinabaki chini ya kelele. Jumlisha sehemu ya kumi ya sekunde, au iambie programu ikunje mawimbi kwa kufuata mteremko uliotabiriwa kabla ya kujumlisha. Siku tuliyobadilisha namba hiyo moja, rekodi ya zamani iliyokuwa tupu ilionyesha utepe mwembamba ulioinama, mahali pale pale penyewe. Tulikuwa watano chumbani na hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Tano, baridi. Kioo cha fuwele kinachopiga saa ndani ya kipokezi hubadilika kwa jotoridi, na sehemu moja tu katika milioni ni hezi 100 kwa masafa yetu. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya unaujua mwenyewe. Washa mtambo nusu saa kabla, na kiweke kipokezi ndani ya nyumba, waya ndio utoke nje.

Umbali umetandaa kama uji

Sikiliza kituo kinatangaza nini. Kipimo cha umbali kinategemea upana wa masafa unaotumika dakika ile, na FM hupanuka kwa sauti iliyojaa. Mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo taratibu, akinyamaza kati ya jina na jina, anakupa umbali uliotandaa. Kwaya yenye magitaa na kinanda, au bongo fleva, inaukaza. Chagua kituo chenye muziki.

Naona vikubwa, vidogo sivioni

Hapa hakuna kilichoharibika, na ni vyema kujua ni kwa nini.

Kitu kilicho kidogo kuliko wimbi hakirudishi mawimbi kulingana na ukubwa wa uso wake. Kikipungua kipenyo mara mbili, mwangwi wake unapungua mara 64, kwa kuwa unafuata kipenyo kwa kipeo cha sita. Na unapungua tena kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Chukua gololi ya chuma ya sentimita moja. Mbele ya wimbi letu la mita 3 ni kama haipo. Mbele ya wimbi la sentimita 3, lile la gigahezi 10, gololi hiyo hiyo inang'aa zaidi ya mara milioni kumi. Ongeza antena hata ya paa zima la shule, pengo hilo hutaliziba. Wanasayansi wa MWA walipopiga hesabu mwaka 2013 kwa mtambo wao mkubwa, walikadiria vipande vya kipenyo cha mita moja na kuendelea, hadi umbali wa kilomita 1,000. Mtu akikuambia ameona sentimita moja kwa FM, muulize kuhusu taa za nyumbani kwake.

Vidogo vinaonwa na mitambo ya aina nyingine kabisa. Rada ya HUSIR huko Massachusetts, Marekani, ina sahani ya mita 36.6, inatumia gigahezi 10, na huhesabu vipande vya milimita 5 hivi. Goldstone, California, hushuka hadi milimita 2 au 3. Lakini mwale wa HUSIR una upana wa nyuzi 0.058 tu, kwa umbali wa kilomita 1,000 hiyo ni kama kilomita moja. Kipande kinauvuka kwa sehemu ya saba ya sekunde na kupotea. Hakuna muda wa kukifukuza. Rada inakodolea sehemu moja ya anga kwa saa nyingi na kuhesabu vinavyopita, kama mtu aliyekaa kandokando ya barabara ya Tunduma akihesabu malori kupitia tundu la ufunguo.

Najua wengine wanauliza: sentimita moja ya chuma inatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Mkulima wa viazi anayesubiri utabiri wa mvua anategemea, pamoja na vingine, setilaiti za hali ya hewa za Metop, zinazozunguka kilomita 817 juu. Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti za Iridium 33 na Cosmos 2251 ziligongana kwenye kilomita 789 hivi, jirani kabisa na hapo, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Vipande vya kati ya sentimita 1 na 10 vinavyoizunguka dunia sasa vinakadiriwa kuzidi milioni moja. Vinavyofuatiliwa kimoja kimoja ni makumi ya maelfu tu. Hivyo vingine vyote haviwezi kukwepwa, kwa kuwa hakuna anayejua kila kimoja kiko wapi; vinajulikana kwa wingi wao tu, kupitia tundu lile la ufunguo.

Hesabu zilizochapishwa hazilingani

Wanafunzi wanaosoma ripoti za rada hukwama hapa. Ripoti moja inataja vipande vingi kwenye kimo fulani, nyingine vichache, na wanadhani mojawapo imekosea.

Tazama kwanza kama ukubwa umepimwa au umekadiriwa. Rada haipimi sentimita. Inapima nguvu ya mwangwi, kisha jedwali linaigeuza kuwa sentimita. Jedwali la NASA lilitokana na vipande 39, vingi vyake vilivyopatikana kwa kugonganisha vitu kwa kasi kubwa maabara, vikapimwa kimoja kimoja mbele ya rada. Kipande bapa kilichogeuza ukingo wake kitaonekana kidogo. Kilichopita pembeni mwa mwale nacho kitaonekana kidogo. Kwa jumla ya vipande maelfu makosa haya yanasawazishwa. Kwa kipande kimoja, usiape.

Pili, umbo. Kati ya kilomita 900 na 1,000 rada zilikuta kundi lisilotarajiwa, kwenye mwinamo (pembe kati ya njia ya kitu na ikweta) wa karibu nyuzi 65. Kilicholitambulisha ni namna wimbi lilivyojizungusha. Ukituma wimbi linalozunguka upande mmoja, tufe laini hulirudisha likizunguka upande wa pili, lote. Bati lililochanika hurudisha mchanganyiko. Kundi hilo lilirudisha kama matufe, na ndivyo yalivyo: matone ya sodiamu na potasiamu yaliyovuja kutoka kwenye vinu vya nyuklia vya setilaiti za zamani za Kisovieti. Nikilieleza hili darasani huwa nagonga meza bila kujua. Kujua umbo la tone la sentimita chache kutoka umbali wa Mbeya hadi Songea na kurudi, bila kuliona!

Tatu, na hili linatuhusu sana, uliza rada iko latitudo gani. Kitu chenye mwinamo wa nyuzi 30 hakipiti kamwe juu ya mahali palipo nyuzi 42, ilipo HUSIR. Ili kukiona, inabidi rada iinamishwe chini kuelekea kusini, kupitia hewa nyingi na umbali mkubwa. Chenye mwinamo mdogo zaidi hakionekani kabisa. Setilaiti ya Uhuru, iliyopewa jina la Kiswahili kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3 tu. Rada ya kaskazini ingeikodolea anga miaka yote bila kuiona. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Karibu kila kitu kilicho obiti ya chini kinapita juu ya vichwa vyetu, na vile vichache vya mwinamo mdogo kuliko huo vinapita upande wa kaskazini, ndani ya upeo wetu. Ukiona ripoti yenye pengo chini ya nyuzi 30, pengo hilo ni la mahali ilipo rada. Angani hakuna pengo. Ningependa siku moja rada yenye wimbi fupi isimame kwenye miinuko hii, na vijana wanaojifunza sasa kwa kipokezi cha USB ndio waiendeshe.

Kitu kimeanguka kweli

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ikitokea huku, usiiguse, usiikate kuuza chuma chakavu. Baadhi ya vipande hubeba mafuta ya sumu. Mwite mwenyekiti wa kijiji, naye awaite polisi, na watoto wakae mbali.

Skrini yote inamweka kwa pamoja

Radi, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Usisubiri uisikie. Toa waya wa antena kwenye kipokezi na uutupe nje ya dirisha, usiuache sakafuni karibu na kompyuta. Tulishapoteza vipokezi viwili na ubao mmoja wa kompyuta kwa mweko uliopiga mti wa jirani. Fimbo ya ardhi iwe imezikwa kwenye udongo unaoshika unyevu, na mlingoti uunganishwe nayo kwa waya mnene usiopindapinda. Andika kwenye daftari UTC uliyozima, ili anayesoma rekodi kesho asidhani anga lilikuwa tupu.